Kamati ya Kwenda Kupumzika

Sisi hatujui kupumzika bila kamati. Harusi ina kamati, msiba una kamati, na mtu akihamia mtaa wa pili nako huundwa kamati ya kumsindikiza. Kwa hiyo familia tatu za Watanzania wa Toronto, pamoja na Mzee wetu mmoja mjane, tulipoamua kwenda kula bata Karibi wakati wa likizo ya Machi ya shule za Ontario, hakuna aliyehangaika na ramani. Lilifunguliwa kundi la WhatsApp. Nchi ilikuwa bado haijajulikana lakini tayari tulikuwa na Mwenyekiti, Mhazini, kamati ndogo ya chakula, na Katibu ambaye ni mimi, kwa sababu kompyuta yangu ndiyo inayofungua Excel bila kuzimika.

Jambo moja tu lilipita bila mjadala: tutafute hoteli ya kila kitu ndani. Yaani unalipa mara moja, ukiwa bado nyumbani na akili zako timamu, kisha ukifika hutoi tena hela: chumba, chakula, vinywaji, vitafunwa vya saa tano usiku, mtumbwi wa plastiki, na kijana wa gitaa anayekuja kuimba karibu mno na sahani yako. Unafungwa bangili ya plastiki mkononi, na hiyo ndiyo pochi yako wiki nzima.

Biashara hii ina historia yake. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja mcheza polo ya majini, Gérard Blitz, alianzisha Club Med kwa mahema yaliyopigwa Alcúdia, kisiwani Mallorca. Baadaye wageni wa Club Med wakawa wanalipia vinywaji kwa shanga walizovaa shingoni, ili hela isionekane kabisa. Jamaika nao wakaichukua biashara hiyo na kuikuza. Mwaka 1978 hoteli ya Couples ilianza Ocho Rios kwa kupokea watu wawili wawili wanaopendana, na mwaka 1981 Gordon Stewart, aliyekuwa akijulikana zaidi kwa jina la Butch, akafungua Sandals Montego Bay. Kabla ya hapo alikuwa akiuza viyoyozi. Mtu aliyeuza viyoyozi katika nchi ya joto anajua wanadamu wanalipia nini.

Wanalipia kutohesabu. Na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia, maana Mhazini wetu ni mhasibu kwa taaluma na kwa kuzaliwa.

Yeye ndiye aliyegundua Septemba. Alituma ujumbe saa saba usiku: bei ya Septemba ni karibu nusu ya bei ya Machi, hoteli ileile, chumba kilekile. Mwenyekiti akauliza kwa nini. Mhazini akajibu kuwa huenda watu hawajui. Ilibidi mke wangu aeleze kuwa watu wanajua sana. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na Septemba ndipo hupamba moto. Mwaka 2024 kimbunga Beryl hakikuusubiri hata huo mwezi wake. Mwanzoni mwa Julai kilikuwa kimeshafika daraja la tano, mapema kuliko kimbunga chochote kilichopata kurekodiwa Atlantiki.

"Sasa kimbunga kikija," Mhazini akauliza, "si wanaturudishia hela?"

Hilo ndilo swali ambalo kamati ililijadili kwa muda mrefu kuliko yote, tena kwa umakini, mpaka mtu mmoja akakumbuka kwamba Septemba watoto wako shuleni.

Mzee alitaka Kuba. Hakutaja hoteli wala ufukwe. Alisema tu Kuba, akanyamaza, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa hoja. Alimwona Fidel Castro kwa macho yake, Dar es Salaam, Machi 1977, akiwa kijana amebanana na umati, na tangu siku hiyo anajiona ana deni la kurudisha ziara. Na si wazo baya. Kwa miaka mingi hakuna taifa lililopeleka watalii wengi Kuba kuliko Kanada, na ufukwe wa Varadero una mchanga mweupe kwa zaidi ya kilomita 20, kwa bei ambayo Mhazini aliisoma mara mbili akitafuta uongo ulipo. Mambo yalikuwa yanaelekea kupita. Kisha wifi yake mke wangu akaleta habari ya Oktoba 2024, gridi ya umeme ya Kuba ilipoanguka na nchi nzima ikalala gizani.

"Mgao wa umeme tumeukimbia Tabata," akasema. "Leo tuvuke bahari tukaulipie dola?"

Mzee akamwambia hoteli zina jenereta.

"Shikamoo Mzee, lakini hata Tabata jenereta lilikuwepo. La jirani."

Kuba ikaanguka kwa kura nyingi.

Likabaki jina moja, Jamhuri ya Dominika. Shemeji yangu akajitolea kuitafutia hoteli, na kufikia Jumapili alikuwa ameipata: tulivu, safi, bei chee, picha za milima iliyofunikwa na msitu, maporomoko ya maji, chura mkubwa mno amekaa juu ya jani. Kamati ilikutana kwangu kuipitia, kwa chai na maandazi, ikaisifu jioni nzima. Mwenyekiti alipenda kwamba hakuna watu. Wifi alipenda hewa. Mtu mmoja akauliza mbona mchanga wa ufukweni mweusi, akajibiwa kuwa ni kivuli. Tulikuwa tumefika kwenye kishika uchumba, Mhazini keshatoa kadi ya benki, ndipo binti wa Mwenyekiti, wa darasa la tisa, akapita kwenda kwenye friji.

"Hapo mbona si Punta Cana?" akasema, akachukua juisi yake, akaondoka.

Dominika ziko mbili. Jamhuri ya Dominika, yenye Punta Cana, inagawana kisiwa kimoja na Haiti. Dominika tupu ni kisiwa kingine kidogo, kipo katikati ya Guadeloupe na Martinique, kina volkano, kina ziwa linalochemka kweli, na mchanga wake mwingi ni mweusi kwa sababu ni mweusi. Ni pahali pa mtu mwenye magoti mazima na viatu vya kupandia mlima. Shemeji alikuwa ametutafutia likizo ya kupanda milima, watu wanane wazima, watoto tisa, na Mzee mwenye fimbo. Alijitetea kwamba hoteli yenyewe lakini ilikuwa nzuri, na kwa haki kabisa, ilikuwa nzuri.

Baada ya hapo nikaona tutafute mtaalamu. Mimi ni mtu wa Tanga, na kama watu wengi wa pwani nina binamu aliyezamia kwenye mahoteli ya Unguja. Huyu wa kwangu ni mhudumu Kiwengwa, pwani ya mashariki, ambako Waitaliano wamekuwa wakifungwa bangili kabla watoto wangu hawajazaliwa. Nikamtumia swali. Akanijibu kwa sauti iliyorekodiwa jikoni, sufuria zinagongana nyuma yake.

"Kaka, hoteli haichaguliwi kwa picha ya bwawa. Bwawa lile lilipigwa picha saa kumi na mbili asubuhi, wageni wamelala. Tafuta picha walizopiga wageni wenyewe, zile mbaya mbaya. Ukiona kandambili moja imeachwa pembeni, basi hiyo ndiyo hoteli.

"Halafu maoni ya watu. Aliyetoa nyota tano usimsome, huyo yuko fungate. Aliyetoa nyota moja usimsome, huyo kagombana na mkewe ndani ya ndege. Soma wa nyota tatu, na soma ya mwezi uliopita. Mpishi akihama, hoteli nayo imehama.

"Supu je? Ukiona Jumanne kuna supu ya kuku, uliza kuku wa Jumatatu alilala wapi.

"Na bakshishi, hata wakikwambia imo ndani ya bei. Ya siku ya kuondoka ni sadaka, kaka. Ya siku ya kufika ndiyo mtaji."

Nimesoma majarida mengi ya utalii, na sijakuta ukurasa unaoufikia ujumbe huo wa sauti. Tukaacha kuangalia picha za hoteli, tukaanza kuangalia za wageni. Moja naikumbuka vizuri. Kitanda kipana, juu yake taulo mbili zimekunjwa zikawa ndege wawili wanaobusiana, maua mekundu yamenyunyizwa kuwazunguka. Na nyuma yao ukutani, doa la unyevu lenye umbo la bara la Afrika, limekatika Pembe. Nikaongeza safu kwenye jedwali langu la Excel, nikaiita "Doa". Ikawa ndiyo safu iliyotusaidia kuliko ile ya nyota.

Tukajifunza na lugha ya vyumba. Chumba kinachokabili bahari kinakabili bahari. Chumba chenye mwonekano wa bahari kina bahari mahali fulani, ukitoka kibarazani ukageuza shingo. Chumba chenye mwonekano wa bahari kwa sehemu kinahitaji mtu wa kukushika kiuno. Mwonekano wa bustani ni wa ukuta, ila ukuta una mimea. Mhazini akatuchagulia bustani sote, kwa hoja kwamba bahari haitakwenda popote.

Kuna hoteli moja aliipenda mpaka akaiweka picha yake kwenye simu. Ilikuwa na kila kitu tulichotaka na bei iliyotufaa, na hakuna aliyegundua kasoro mpaka tulipofika kwenye kisanduku cha kuandika idadi ya watoto, tukakikosa. Ilikuwa ya watu wazima tu. Palikuwa na ukimya mrefu kidogo kuliko inavyopendeza kwa wazazi, kisha Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda.

Mzee naye tukamkuta ana tatizo la pekee. Bei zote huandikwa kwa mtu mmoja, lakini kwa masharti kuwa chumbani mko wawili. Ukiwa peke yako unaongezewa. Kwetu mtu anayelala peke yake hupewa pole, na jirani humletea uji, kule hutozwa. Mzee alipoelezwa akauliza kama wanaona ni kosa lake marehemu kumtangulia. Hatukuwa na jibu. Akawekwa chumba kimoja na kijana wa miaka kumi na tisa wa Mwenyekiti, na kila mmoja akaja kuniletea mashtaka ya mwenzake faraghani.

Lakini mjadala mkali kuliko yote ulikuwa wa pombe. Katika bei ya kila kitu ndani, sehemu nzuri ni kinywaji. Wanaokunywa kutwa wanalipiwa na wasiokunywa. Familia yangu ni Waislamu. Familia ya Mhazini ni walokole. Tuna miaka tunakaa mitaa ya jirani bila kupata jambo la kutuunganisha, na siku hiyo tukalipata. Mhazini akampigia simu wakala wa safari, mbele yetu, simu iko kwenye spika, akaomba punguzo la wasiokunywa. Wakala akasema hakuna kitu kama hicho. Mhazini akapendekeza basi tupewe thamani yake kwa soda. Wakala akasema soda tayari ni bure. "Ndiyo," Mhazini akasema, "lakini ngapi?"

Simu ilikatika. Tukaambiana ni mtandao.

Kitu kingine ambacho watu hawakiulizi, na wanapaswa kuuliza kabla ya mengine yote, ni pwani inaelekea wapi. Tangu 2011 bahari ile imeingiliwa na mwani wa kahawia unaoelea, uitwao sargassum. Unaota katikati ya Atlantiki, mkanda wake ukianzia upande wa Afrika Magharibi kwenda hadi Ghuba ya Meksiko. Mwaka 2018 setilaiti ziliupima zikakuta unafika kilomita 8,850. Ukifika ufukweni ukaoza, hutoa harufu ya yai viza. Fukwe za mashariki zinazokabili Atlantiki, Punta Cana ikiwa mojawapo, ndizo zinazoupokea, na huanza kuwasili kwa wingi kuanzia majira ya kuchipua. Zile zilizogeukia Bahari ya Karibi yenyewe, kama Bayahibe upande wa kusini-mashariki wa Jamhuri ya Dominika, au zilizoangalia machweo kama Negril ya Jamaika, mara nyingi hunusurika. Nilipoyaeleza haya kikaoni nilidhani nitapongezwa.

"Mwani si unauzwa?" akauliza Mhazini. "Kule Unguja, Paje, akina mama wanaulima. Sasa huku unakuja wenyewe, hawajui la kufanya?"

Ni swali ambalo na wenyewe wa Karibi wanajiuliza. Lakini mwani wa Paje si huu, na sisi tulikuwa tunatafuta pa kulala. Bayahibe ikapita.

Ndipo nikampigia mama, Tanga, kumuaga. Nikamweleza bahari ya buluu, mchanga mweupe, minazi.

"Minazi," akasema. Nikasikia anaweka kitu chini. "Mwanangu, unapanda ndege kwenda kuangalia mnazi?"

Nyumbani kwake ipo mitatu. Mmoja umeinamia choo na kila mwaka tunaambiana tuukate.

Sikuwa na la kumjibu siku ile, ila baadaye nilikuja kujua kwamba angekuwa na haki ya kucheka zaidi. Mnazi haukuwepo Karibi alipofika Columbus. Wareno waliokuwa wakipita huku kwetu, Bahari ya Hindi, ndio waliozichukua nazi wakazipeleka Cabo Verde, na kutoka huko zikavushwa Atlantiki katika karne ya 16. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 uliikuta minazi ya kule ni ukoo wa Bahari ya Hindi. Mnazi ule wa kwenye kila tangazo, uliolala kidogo kuelekea maji, ni mhamiaji mwenzetu, tofauti ni kwamba wenyewe ulipata makazi mapema. Mkungu nao uko huko, ufukweni, unadondosha kungu. Hata vimbunga vingi huanzia kama vurugu ya hewa inayotoka Afrika Magharibi. Nilimpigia mama tena kumpa habari za mnazi. Akauliza kama nimekula.

Tukasafiri. Ndege ilitua Punta Cana, na uwanja wenyewe umeezekwa majani ya mtende wao wa huko, juu kabisa na kwa ustadi, ila kwa macho ya mtu wa pwani yale ni makuti tu. Mke wangu ni mtu wa Mwanza. Alipiga picha dari. Mimi nilikuwa natafuta mahali yanapovuja.

Bangili tulifungwa mapokezi, na kijana aliyetufunga akatuonya hazifunguki ila kwa mkasi. Mhazini akaipokea kwa mikono miwili. Kwenye ndege alikuwa ameshagawanya bei ya safari kwa idadi ya milo, kwa hiyo alijua kila mlo umemgharimu kiasi gani na alikusudia kuirudisha hela yake mezani. Asubuhi alianzia kwenye mayai, akapanda mpaka nyama ya kuchoma, akashukia kwenye keki. Saa nne alikuwa kwenye vitafunwa. Mkewe alimwambia mara moja tu, "Baba watoto, hoteli haina habari kama unashindana nayo." Hakusikia. Jumatano usiku alirudisha kila kitu, isipokuwa hela.

Na ile bufee, mimi naitetea. Watu husema ni chakula kisicho na kwao, na pizza kweli haikuwa na kwao, lakini kulikuwa na pembe moja ambako akina mama wa Kidominika walikuwa wakipika vya kwao: wali, maharage mekundu na nyama ya mchuzi, mlo wanaouita bendera kwa kuwa rangi zake zinafananishwa na bendera ya nchi yao. Mzee alionja kijiko kimoja.

"Huu si wali maharage?"

Ukawa mlo wake mpaka siku ya kuondoka. Kulikuwa na mangú pia, ndizi mbichi za kuchemsha zilizopondwa, wanazozila asubuhi na vitunguu juu. Wifi ni mtu wa Bukoba. Alizitazama, akaonja, akasema zilikuwa ndizi nzuri, sijui kwa nini wamezionea.

Kilichokosekana, katika hoteli ya kila kitu ndani, ni chai. Maji ya moto yalikuwepo, na kifuko cha majani kwenye kamba, na maziwa baridi ya katoni pembeni. Hiyo kwetu ni viungo vilivyogombana, si chai. Siku ya pili mke wangu alikwenda kwenye ile pembe ya wali akiwa na kipande cha tangawizi alichokiomba baa. Kihispania hajui, ila alionyesha sufuria, akaonyesha maziwa, akaponda tangawizi kwa ubapa wa kisu, na yule mama mpishi akamwelewa, akasogea pembeni akampa moto. Maziwa yakapanda, akayapunguzia, yakapanda tena. Mpishi akanusa. Akaongeza mdalasini bila kuulizwa. Kuanzia hapo kila saa moja asubuhi palikuwa na sufuria ya watu kumi na nane pale nyuma, na nafikiri mpaka sasa kuna Wakanada waliorudi kwao wakiamini ile ni chai ya Kidominika.

Ufukweni palikuwa na vita. Vitanda vya kulalia chini ya miavuli ni vichache kuliko wageni, na wenye uzoefu huamka kabla ya jua, huweka taulo na kitabu juu ya kitanda, kisha hurudi kulala. Wenzetu wengi waliona ajabu. Sisi tumekulia bombani, tumepanga ndoo na mawe kwenye foleni ya maji tangu tuna miaka saba. Kufikia asubuhi ya pili kandambili za watoto wetu zilikuwa zimeshika mstari mzima wa mbele.

Halafu wakaja papasi, kama tunavyowaita pwani vijana wanaowaandama watalii. Papasi wa Karibi havai fulana, anavaa shati la kunyooshwa na amekaa dawati lake pale mapokezi. Anakukaribisha kifungua kinywa maalumu, anakuahidi kukandwa mgongo bure, kisha anaomba tu dakika tisini za kukueleza habari ya uanachama wa likizo. Waliowahi kwenda wanasema hizo dakika tisini hufika saa tatu, na watu hutoka wamesaini mkataba wa miaka ishirini.

Walimpata Mwenyekiti wetu. Tulipojua alipo tulihofia.

Walichokuwa hawakijua ni kwamba yule mtu anapenda vikao. Aliomba kwanza ajenda. Akauliza kama akidi imetimia. Walipomletea meneja, akamkaribisha, akamwomba ajitambulishe na aeleze mkutano uliopita uliishia wapi. Alipoonyeshwa mkataba akasema ni hati nzuri, itabidi apate muda wa kuipitisha kwenye kamati, na kamati ina kamati ndogo, na mhazini ni mgonjwa. Akapendekeza wakutane tena kesho yake. Meneja akasema si lazima. Mwenyekiti akasisitiza. Alirudi kwetu saa sita mchana amekandwa mgongo, ana vocha ya kofia, na amesikitika kwamba kikao hakikufungwa rasmi.

Binamu alikuwa ameniambia pia kwamba mgeni wa bangili hatoki nje. Akitoka, saa sita amesharudi, kwa sababu chakula kimeshalipiwa. Wanaouza samaki na vinyago nje ya geti hubaki wakimwangalia. Kiwengwa ndivyo, na Bayahibe nako ndivyo. Hili ndilo baya la hoteli hizi, na halimo kwenye maoni ya nyota yoyote. Basi siku moja tulitoka, tukatembea mpaka kijijini, Mzee akapatana bei ya samaki wa kukaanga kwa Kiswahili na vidole, tukala na ndizi za kukaanga zilizobapazwa, tukalipa hela ya mkononi. Mhazini, ambaye alikuwa bado anatembea taratibu, alikula kipande kimoja na kukaa kimya. Hakuhesabu. Mkewe alimpiga picha.

Ukiniuliza, kwa watu wenye watoto wanaokimbia baridi ya Machi, hoteli ya namna hii inafaa, mradi uende upande wa Bayahibe, usome nyota tatu, utoe bakshishi siku ya kufika, na ubebe majani yako ya chai. Kwa wawili wasio na watoto wala kamati, chukueni chumba kijijini na mjilie samaki.

Limebaki jambo moja, na nimeombwa nisilisahau. Kila anayeingia au kutoka Jamhuri ya Dominika hujaza fomu mtandaoni kabla ya safari. Mhazini wetu, aliyebishana na wakala kuhusu soda, alifungua tovuti ya kwanza iliyojitokeza, ina bendera na nembo, akajaza za watu wote kumi na nane na kulipia kila kichwa, pamoja na mtoto wa miezi minne. Fomu ile iko kwenye tovuti ya serikali yao na haina malipo. Ameniomba niliandike hilo kwa herufi kubwa, mhariri amekataa, kwa hiyo naliandika kwa herufi ndogo: ni bure.